Marufuku ya kompyuta: ile ya 1974 na hii ya kwetu Tukuyu

Najua nimepotea tangu UE za Julai, mkanitafuta wee mkachoka. Nilikuwa nyumbani Rungwe, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Sasa nimerudi chuo, bumu limeingia kwa wenye bahati zao, na kabla sijaanza tena kulalamika kuhusu foleni ya kantini nataka niwape historia kidogo. Si mnajua ndiyo ninachosoma, kwa hiyo mnivumilie. Mwishoni kuna ushauri wa laptopu, wenye haraka shukeni huko chini moja kwa moja, ingawa mtakuwa mmekosa uhondo.

Wangapi kati yenu mnajua kwamba kuanzia mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini? Siyo kupandisha ushuru, marufuku kabisa. Kwenye semina yetu jambo hili lilipotajwa watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Mshkaji mmoja akasema ndiyo maana tuko nyuma, wazee walikuwa washamba. Nami ningecheka, ila nilikuwa nimetoka kuona marufuku kama hiyohiyo ikipigiwa kura na kina mama wa kijijini kwetu, na wale siwezi kuwaita washamba hata kwa fimbo.

Tuanze na ya serikali. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Ilikuwa inaitwa ICT 1500. Hapo msichanganye, hiyo ICT siyo hii tunayoandika leo kwenye sivii kwamba tuna ujuzi nayo. Lilikuwa ni jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators, na mashine yenyewe kimsingi ilikuwa ni RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina la Kiingereza. Yaani hata wakati huo kulikuwa na mambo ya kubadilisha lebo. Msifikirie kitu cha kuweka mezani. Mashine za enzi zile zilijaza chumba, zinalishwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, na kila tundu lina maana yake. Kadi ikikunjwa au mpangilio ukivurugika, kazi inaharibika.

Likaja Azimio la Arusha Februari 1967, mabenki yakataifishwa, mashirika ya umma yakaanza kuota kila kona. Hesabu za serikali zikawa mlima. Mwaka 1968 Wizara ikapata mashine kubwa zaidi ya familia ya ICL 1900 (ile kampuni ilikuwa imeungana na nyingine mwaka huohuo ikawa ICL). Ilipofika 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Saba tu! Nikihesabu laptopu za chumba chetu hapa hosteli tuko nne, ukiongeza chumba cha jirani tumeshaipita Tanzania ya 1974.

Tatizo ni kwamba hesabu za serikali zilizopelekwa kwenye kompyuta zilivurugika vibaya. Fedha zilipotea na kazi zililala. Wenye kuielewa mashine walikuwa wachache mno, na wengi wao walikuwa wageni wa mkataba. Mgeni wa mkataba mkataba ukiisha anapanda ndege, na anapanda na kichwa chake. Anayebaki anaachiwa makabrasha na mashine inayonguruma. Mwisho wa yote serikali iliachana na kompyuta kwenye uhasibu wake, wakarudi kwenye mashine za kawaida za kuhesabia, na likatoka lile katazo la 1974. Liligusa na televisheni pia, na huko televisheni bara zilikuja kuanza 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ileile ya mwanzo wa sabini.

Kumbukeni pia hali ya nchi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imelipuka mwaka 1973, ukame ukapiga, nchi ikawa inanunua chakula nje kwa fedha za kigeni ambazo hazipo. Mashine ya mamilioni ambayo spea yake inatoka Ulaya, na ambayo imekuvurugia vitabu vya hesabu, kwa nini usiifungie mlango? Binafsi ningekuwa waziri wakati ule sijui kama ningefanya tofauti.

Lakini hapa ndipo wale wanaosema wazee walichukia teknolojia wananikera. Mwaka mmoja tu kabla ya katazo, 1973, serikali hiyohiyo iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Waulizeni bibi zenu. Ilikuwa ni kampeni ya redio ya wiki 12. Watu wanakaa kwenye vikundi, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanaondoka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Washiriki walifika kama milioni 2. Na haikuwa mara ya kwanza, walishafanya majaribio na kampeni ndogo mwaka 1970 na 1971. Sasa sikilizeni namba inayonisisimua: kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa walikuwa wameandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Elfu sabini na tano! Kwa ajili ya redio, chombo ambacho hata mtoto anajua kukiwasha.

Kwa redio waliandaa watu 75,000. Kwa kompyuta ya hazina ya nchi, kiganja kimoja cha watu. Mimi hayo mawili nikiyaweka pembeni kwa pembeni sihitaji nadharia ya mhadhiri yeyote.

Redio yenyewe huko kwetu ina historia yake tamu, ngoja niingize kidogo. Babu alikuwa na redio ya National, na betri zake za National pia, zile zilizotengenezwa hapahapa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita. Nyie wa Dodoma na Shinyanga mlianika betri juani zikiisha nguvu. Tukuyu jua la kuanikia betri mnalitoa wapi? Kule mvua inanyesha karibu mwaka mzima, Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Kwa hiyo betri za babu zilipangwa jikoni karibu na mafiga, bibi anazigeuza kama anageuza viazi. Redio ikiharibika kulikuwa na fundi, anafungua, unaona nyaya, anaunga na risasi, unaondoka nayo. Siri ilikuwa imefunguliwa mbele ya macho yako.

Turudi kwenye kompyuta. Katazo halikudumu kwa ukali wake. Aliyetaka kuleta mashine alikuwa anaomba, maombi yanapita kwenye kamati, na kuanzia miaka ya themanini kompyuta ndogo za mezani zikaanza kupenya kidogokidogo. Miaka ya tisini mlango ukawa wazi. Mwaka 2003 tukapata sera ya taifa ya TEHAMA, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza Januari 2005 ukaweka kompyuta kwenye asilimia sifuri. Mwaka huo wa 2005 ukaanza pia mradi wa kupeleka kompyuta kwenye vyuo vya ualimu vya serikali kwa msaada wa Sweden, na ndiyo walimu wengi wa kwetu waliopita Mpuguso na Tukuyu walikogusa kibodi mara ya kwanza.

Nyumbani kwa watu wa kawaida kompyuta zilizofika zilikuwa mitumba. Na mitumba ya miaka ile ilikuja na ugonjwa ambao wengi hawakuujua. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kapasita mbovu kwenye maza bodi, zile kopo ndogo zilizosimama. Dawa ya ndani ilikuwa haifai, zinavimba kichwani, zinavuja, mashine inaanza kujizima yenyewe. Ofisi za Ulaya na Marekani zikazitoa, na nyingine bila shaka zikapanda meli kuja huku. Mtu anauza ng'ombe ananunua sipiyu na monita, baada ya miezi minane inakufa, na majirani wanasema "hakujua kuitumia". Ongeza mgawo wa umeme wa 2006 maji yalipopungua bwawa la Mtera, ongeza virusi vya flashi ambavyo vilikuwa vinageuza kila folda kuwa kitu cha ajabu. Kizazi kizima kilifundishwa kwamba kosa ni la kwao.

Hata lugha. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia na kupigia hesabu ikiwa kwa Kiswahili. Kazi ya maana kabisa. Mimi sijawahi kuiona kwenye kompyuta hata moja Tukuyu. Kila mahali ni Kiingereza, na mama wa darasa la saba anatakiwa ajue tofauti ya kuhifadhi na kufuta kwa kusoma neno asilolijua. Mwanangu, hapo hata mimi ningebonyeza chochote ili kile kiboksi kiondoke.

Sasa nawaleta nyumbani.

Mama mdogo wangu ni katibu wa kikoba cha kina mama kule upande wa Katumba. Wako 26, hisa moja shilingi 2,000, mtu anaruhusiwa hisa moja mpaka tano kwa wiki, na mkopo wako hauzidi mara tatu ya hisa zako. Mwaka 2022 wakaamua kuwa wa kisasa, wakachanga wakanunua kompyuta ya mtumba kwenye duka moja mjini, siyataji majina. Waliambiwa ina waranti ya mwaka mzima. Mwezi wa tano pawa saplai ikaanza kelele, wakapanda Hiace kuirudisha, wakaambiwa waranti haihusu umeme. Sasa nauliza, kompyuta isiyotumia umeme inauzwa wapi? Wakarudi nayo.

Aliyewatengenezea faili la hesabu ni kijana jirani aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Kijana mzuri, mwenye adabu, alikuja kila Jumamosi anaingiza hisa. Akaweka neno la siri ili watoto wasichezee. Kwa sababu kompyuta ipo, wanachama wengi wakaacha kugonga mihuri kwenye vile vitabu vyao vidogo. Ya nini tena, si iko kwenye mashine? Ni bibi wachache tu wakaidi walioendelea kudai muhuri wao kila wiki, na walichekwa sana.

Mwishoni mwa 2024 kijana akaenda Tunduma kutafuta maisha. Kabla ya kuondoka alimwelekeza mama mdogo namna ya kuingiza hisa, akamwachia mashine ikiwa na faili limefunguliwa. Mama mdogo naye kwa woga akawa hafungi kabisa lile faili, anaingiza, anahifadhi, anazima skrini tu. Kuna betri ya UPS iliyochoka ilikuwa inashikilia umeme ukikatika dakika mbili tatu. Miezi minne ikaenda hivyo.

Aprili 2025, mvua za kwetu mnazijua kwa kuzisikia tu, radi ikapiga karibu na nyumba. Kila kilichokuwa kwenye soketi kikafa: king'amuzi, chaja ya simu, kompyuta.

Mwanzoni watu walimpa pole. Ilipofika Juni pole zikaisha. Bibi mmoja, mmoja wa wale wakaidi, mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano na Julai anatakiwa aripoti na godoro, ndoo, sare na michango. Bibi akaomba mkopo. Kamati ikasema tutakupaje wakati hatujui hisa zako ni ngapi? Kitabu chake kina mihuri, lakini wengine wakasema kitabu siyo ushahidi, muhuri ulikuwa unakaa nyumbani kwa katibu, na katibu na bibi wanasali kanisa moja. Mmeona inakoelekea. Maneno yakaanza kwamba mama mdogo ndiye ameiua kompyuta kwa makusudi, amekula hela. Mtu aliyeshika sanduku miaka sita bila kupungua hata senti.

Nilipofika nyumbani Julai alinipokea na chai na viazi kama kawaida, ila hakukaa mezani. Alisema tu, "Mwanangu, wewe unasoma chuo kikuu, nisaidie niondokane na hili jina." Nikamwambia mama mdogo, mimi nasoma historia. Akasema basi hiyo hiyo.

Tukaibeba sipiyu mpaka kwa fundi karibu na stendi Tukuyu mjini. Huyu jamaa ndiyo shujaa wangu. Akafungua mbele yetu, akatuonyesha: fyuzi imeungua, na kile kidude kama sarafu kinachotakiwa kumeza umeme ukizidi kimepasuka vipande. Akachomoa hadi diski, akaiunga kwenye mashine yake kwa kebo, tukasikia inazunguka. Mafaili yote yapo! Mama mdogo alishika mikono kichwani, "ndaga fijo, ndaga fijo", kwa yule fundi na kwa Mungu kwa pamoja. Akabofya faili la kikoba. Likaomba neno la siri.

Simu ya kijana haipatikani. Fundi akajaribu jina la kikundi, mwaka wa kuzaliwa, 12345, wapi. Faili za Excel za tangu toleo la 2007 zikifungwa kwa neno la siri zinasimbwa kwelikweli, siyo komeo la geresha, na kama neno ni gumu huwezi kulivunja kwa kompyuta ya fundi wa stendi. Hisa za kina mama 26 ziko pale ndani, tunaziona jina la faili, tunaona ukubwa wake, na hatuwezi kuzisoma. Hapo ndipo niliposhika maana ya 1974 kuliko nilivyowahi kuishika darasani. Mgeni kapanda ndege na kichwa chake, ila huyu wa kwetu kapanda Coaster ya Tunduma.

Tulichookoka nacho ni uzembe wa steshenari. Mama mdogo akakumbuka kwamba Februari alipeleka flashi steshenari kuchapa orodha ya kikao, na kijana kabla hajaondoka alikuwa amemwachia kwenye flashi nakala isiyo na komeo, ya kuchapia, ambayo mama mdogo alikuwa akiibadilisha namba kwa kuangalia skrini. Flashi yenyewe ilishakufa kwa virusi. Lakini mnajua steshenari zetu, wanakopi kila kitu kwenye deski topu na hawafuti kamwe, kuna vyeti vya watu, barua za talaka, maombi ya kazi, kila kitu kiko wazi pale. Jambo hilo mimi hunitia hasira kabisa. Siku ile nililishukuru. Faili lilikuwepo, la mwisho wa Februari, kati ya picha za harusi na mtihani wa majaribio wa darasa la saba.

Tukalinganisha na kitabu cha bibi mkaidi. Mihuri yake mpaka mwisho wa Februari tukaihesabu mara tatu, ikalingana na namba ya kwenye faili hisa kwa hisa. Tukachukua na vitabu vya wakaidi wengine watatu, vyote vikalingana. Mama mdogo alitoka nje, akakaa chini ya mgomba muda mrefu. Sikumfuata.

Kikao kikaitwa. Hisa za Machi na Aprili zilijengwa upya kwa kusema hadharani, mmoja anasimama, wenzake wanathibitisha au wanabisha, saa nne nzima na mvua inapiga bati. Hakuna aliyezidisha kwa uongo mkubwa, maana kila mtu anajua nani alikuwa msibani wiki ipi. Bibi akapata mkopo wake siku ileile, mjukuu aliripoti akiwa amechelewa siku tano.

Halafu mwenyekiti akaleta hoja: kumbukumbu za fedha za kikundi ziandikwe kwa mkono, kompyuta isitumike tena. Nikaomba ruhusa nikasimama, shikamooni mama zangu, nikatetea mashine kwa ufasaha wote niliopewa na mlipa kodi. Nikawaeleza radi, fyuzi, neno la siri, nikawaambia kosa halikuwa la kompyuta. Wakanisikiliza kwa heshima. Wakapiga kura, 22 kwa 4. Mmoja wa wale wanne ni mama mdogo mwenyewe, nadhani kwa kunionea huruma.

Nimekaa nalo jambo hili mpaka leo. Walichokataa ni kuwekwa tena mahali ambapo mtu mmoja tu anaweza kusoma hesabu zao. Kwa hilo wako sawa, na nadhani hata Wizara ya Fedha ya 1974 ilikuwa inaumwa na jino hilohilo. Ninapotofautiana nao ni dawa. Serikali ilipofunga mlango haikupata wataalamu kwa kufunga mlango. Mashine zilipoanza kurudi miaka ya themanini tuliokuwa nao bado walikuwa wachache, na miaka ikawa imeshapita. Kikoba nacho kimefunga mlango. Wangeweza kupeleka watu watatu kwa fundi wiki mbili, gharama yake haifiki bei ya ile mashine. Nilisema na hili. Wakasema nani atachuma chai wiki mbili? Jibu sikuwa nalo.

Haya, ushauri kwa walionipigia kelele. Wengi mnaniuliza laptopu za kununua na bumu. Kwanza jueni kwamba Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, kwa maana Microsoft waliacha kuitolea viraka vya usalama vya kawaida vya bure. Mashine haizimiki, ila inazeeka bila chanjo. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida ni kizazi cha nane kupanda. Kwa hiyo mtumba ukiambiwa "ina Windows 11 kabisa" usiangalie picha ya skrini, angalia prosesa. Ikiandikwa i5-7200U, ile 7 baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani imelazimishwa. i5-8250U ni ya nane, hiyo poa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, soma kama inasema 2.0. Dakika moja tu, muuzaji akikukataza hata hiyo dakika ondoka. Kama tayari unayo ya zamani usiitupe, weka Linux Mint, kwa kuandika kazi na kuangalia mpira inatosha sana.

Umeme: stabilaiza inanyoosha umeme unaopanda na kushuka, haina betri, ukikatika nawe umekatika. UPS ina betri, na betri hiyo baada ya miaka miwili mitatu imekwisha hata kama taa bado inawaka kijani. Ijaribu kwa kuchomoa plagi, siyo kwa kuiangalia. Na kwa radi ya Tukuyu vyote viwili ni mapambo. Mawingu yakianza kunguruma chomoa plagi ukutani, na waya wa antena au dishi kwenye king'amuzi pia, maana radi inaingia hata kwa huko. Mliotoka nyanda za juu mnaorudi likizo, laptopu ikitoka kwenye baridi ya ukungu ikaingizwa jikoni kwenye moto usiiwashe papo hapo, iache nusu saa ikauke.

Flashi za tera moja za bei ya soda ni uongo. Imefanyiwa ujanja iseme ina nafasi ambayo haina, unaweka vitu, vinaonekana, siku ya kuvifungua ni takataka. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote kisha inaisoma kujua ukweli. Ukimaliza steshenari futa faili lako mwenyewe na kapu la taka ulimwage, usimwachie kijana wa pale. Risala yako ya mwisho iwe sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako mwenyewe, ingawa tulipokatikiwa na nyaya za baharini Mei 2024 tuliona kwamba hata hiyo ya tatu inaweza kulala siku kadhaa. Na neno la siri la kitu chochote kinachowahusu watu zaidi ya wewe, liandike karatasini, lifunge kwenye bahasha, mpe mtu mzima ambaye hajui hata kuwasha kompyuta.

Ile mashine fundi aliifufua kwa pawa saplai nyingine. Iko sebuleni kwa mama mdogo imefunikwa kitambaa cha kufuma, wajukuu wanaangalia katuni na bibi mkaidi anakuja Jumapili kusikiliza kwaya. Ukatibu hakuuacha, daftari ameliwekea jalada gumu. Desemba naenda tena na nimemwahidi kuiongezea kumbukumbu kwa sababu inaganda mno, kwa hiyo mwenye rami ya DDR3 ya giga 4 iliyokaa bure, ya deski topu siyo ya laptopu, tuongee kabla sijafunga begi.